Je, Wajua? Njia ya Kutoka Kwenye Kitufe Hadi Kwenye Injini

Je, wajua kwamba programu nyingi unazozigusa kwenye skrini zimeandikwa kwa lugha mbili zisizofanana hata kidogo? Moja inaeleza sura: kitufe kikae wapi, kiwe na rangi gani, kikibonyezwa kififie vipi. Nyingine ndiyo inayofanya kazi: inasoma faili, inapiga hesabu, inazungumza na seva. Kwa wanaotumia mfumo wa Qt, ya kwanza ni QML na ya pili ni C++. Leo safu hii inakaa mpakani mwa lugha hizo mbili, maana hitilafu nyingi huzaliwa hapo.

Je, wajua kwamba QML haiipi kompyuta hatua za kufuata? Ukiandika text: akaunti.salio, hujasema "soma salio kisha uliandike". Umetangaza kwamba maandishi haya ni salio, sasa na baadaye. Salio likibadilika, maandishi yanabadilika yenyewe. Sharti ni moja: C++ iliyo nyuma itoe taarifa kwamba kuna mabadiliko. Isipotoa, skrini itaendelea kuonyesha shilingi za jana bila aibu yoyote.

Je, wajua kwamba Qt ilianzia kwenye picha za ultrasaundi? Kiangazi cha mwaka 1990, Haavard Nord na Eirik Chambe-Eng walikuwa Trondheim, Norwei, wakiandika kwa C++ programu ya kuhifadhi picha hizo. Ilitakiwa ifanye kazi kwenye Unix, Macintosh na Windows. Siku moja walitoka nje kuota jua, wakakaa kwenye benchi bustanini, na mazungumzo yao yakaishia kwenye wazo la kutengeneza mfumo mmoja wa kuchora kiolesura utakaofaa kote kutatu.

Kampuni yao ilisajiliwa tarehe 4 Machi 1994 kwa jina la Quasar Technologies. Baadaye ikaitwa Troll Tech, kisha Trolltech. Hawakuwa na wateja, bidhaa ilikuwa nusunusu, na fedha hazikuwepo. Wake zao ndio waliokuwa na ajira, na mishahara yao ndiyo iliyozilisha nyumba zote mbili. Hadithi za kampuni za teknolojia hupenda kutaja gereji; mshahara wa mke hausikiki sana.

Je, wajua kwamba herufi Q ilichaguliwa kwa urembo tu? Ilionekana vizuri katika fonti ya Emacs aliyokuwa akiitumia Haavard. Hakuna siri nyingine. Ndiyo sababu mpaka leo madarasa ya Qt huanza na Q: QObject, QString, QTimer.

Je, wajua kwamba toleo la kwanza la umma, Qt 0.90, lilitoka tarehe 20 Mei 1995, na miezi 10 ikapita bila mtu yeyote kununua leseni ya kibiashara? Mnamo Machi 1996 Shirika la Anga za Juu la Ulaya likanunua leseni 10.

Na mwezi huohuo wa Mei 1995, ng'ambo ya bahari huko Marekani, Brendan Eich wa Netscape aliandika kwa siku 10 lugha ambayo sasa tunaiita JavaScript. Watoto hawa wa mwezi mmoja walikuja kuishi nyumba moja miaka 15 baadaye: Septemba 2010 Qt 4.7 ilitoka ikiwa na QML, na ndani ya QML hesabu zote ndogondogo huandikwa kwa JavaScript. Upande wa pili wa mpaka kuna C++, lugha ambayo Bjarne Stroustrup alianza kuijenga mwaka 1979 katika maabara za Bell. Ukiunganisha kitufe na injini, unaipatanisha lugha isiyojali aina ya data na lugha inayotaka kila kitu kitajwe aina yake kabla programu haijajengwa.

Je, wajua kwamba C++ yenyewe haina njia ya kuiambia QML "nina sifa hizi na fanksheni hizi"? Programu ikishapita kwenye kompaila, majina mengi hupotea. Hubaki anwani na maagizo ya prosesa. QML nayo hutafuta kwa majina. Ukiandika akaunti.salio, inahitaji kukuta mahali palipoandikwa neno "salio". Hapo ndipo inapoingia zana iitwayo moc. Inasoma faili zako za vichwa, inatafuta kila darasa lenye neno Q_OBJECT, kisha inaandika faili nyingine ya C++ yenye majedwali ya majina: sifa, ishara, na fanksheni zinazoruhusiwa kuitwa kutoka nje. Kompaila inayajenga majedwali hayo pamoja na msimbo wako. Kwa hiyo daraja ambalo wengi hudhani ni uchawi ni majedwali ya maandishi tu. Faili hizo zimo ndani ya folda ya ujenzi, majina yake yakianza na moc_, na unaweza kuzifungua ukazisoma.

Je, wajua kwa nini anayeanza Qt hukutana mapema na lalamiko kwamba "vtable" ya darasa lake haijulikani? Ameandika Q_OBJECT lakini moc haijapitishwa kwenye faili hiyo, au matokeo yake hayajaunganishwa. Q_OBJECT inaahidi fanksheni ambazo moc ndiyo inayoziandika. Zisipoonekana, kiunganishi kinagoma. Mara nyingi tiba ni kuupanga upya mradi kwa zana ya ujenzi, CMake au qmake, na kujenga tena tangu mwanzo. Mtu anaweza kumaliza alasiri nzima akitafuta kosa katika msimbo usio na kosa.

Je, wajua kwamba neno emit halifanyi lolote? Wanaprogramu wa Qt huandika emit salioChanged() wakiamini kwamba emit ndiyo inayorusha ishara. Ni makro tupu. Kompaila inapolifikia, limeshafutika. Kinachobaki ni wito wa kawaida wa fanksheni. Neno slots (vipokezi vya ishara) nalo ni tupu, na signals hugeuka kuwa public. Yamewekwa ili binadamu asome vizuri. Ubaya wake ni kwamba makro hazina adabu: jina hilohilo likitumika katika maktaba nyingine, kama signals lilivyokuwa likitumika katika Boost, mgongano unatokea. Ndiyo maana kuna chaguo la kuyazima na kutumia Q_EMIT, Q_SIGNALS na Q_SLOTS.

Je, wajua kwamba wazo la ishara na vipokezi alilibuni Eirik mwaka 1992? Konda wa daladala akigonga bodi, dereva anasimama. Hahitaji kujua anayeshuka ni nani, na konda hahitaji kujua breki zinavyofanya kazi. Ishara ya Qt iko hivyohivyo. Kitu kinachotangaza hakimjui anayekisikiliza, na wasikilizaji wanaweza kuwa kumi au asiwepo hata mmoja. Kwa mpaka wetu hili ni muhimu, kwa sababu C++ inaweza kutangaza "salio limebadilika" bila kujua kama kuna skrini, saa ya mkononi au jaribio la usiku linalosikiliza.

Je, wajua kwamba hadi Qt 4 jina la ishara lililokosewa herufi halikuonekana na kompaila? Ishara na kipokezi viligeuzwa kuwa maandishi, na kosa lilijitokeza programu ikiwa tayari inaendeshwa, kama onyo dogo kwenye kidirisha cha maandishi. Qt 5.0, iliyotoka tarehe 19 Desemba 2012, ilileta namna ya kuunganisha kwa anwani za fanksheni, na kosa likaanza kukamatwa wakati wa kujenga. Bado kuna miradi inayotumia njia ya zamani. Sioni sababu ya kuitetea.

Sasa tuingie kwenye sifa, maana hapa ndipo penye utamu.

Je, wajua kwamba sifa moja ya C++ inayoonekana upande wa QML huwa na sehemu tatu? Q_PROPERTY inataja anayesoma, anayeandika, na ishara inayotolewa thamani inapobadilika: READ, WRITE, NOTIFY. Ukiacha WRITE, QML itasoma tu, na mara nyingi hilo ndilo jema. Ukiacha NOTIFY, thamani itasomwa mara ya kwanza kisha itaganda. Injini ya QML hulalamika kwamba usemi fulani unategemea sifa zisizo na taarifa, lakini onyo hilo hupita haraka kati ya mistari mingine mia. Thamani ikiwa haibadiliki kamwe, sema CONSTANT na onyo litatoweka.

Je, wajua kwamba mwandishi mzuri wa sifa huanza na swali "imebadilika kweli?" kabla ya kutoa ishara? Thamani mpya ikilingana na ya zamani, anarudi kimya. Asipofanya hivyo, anaweza kuzua mzunguko: C++ inatangaza, QML inaandika tena thamani ileile, C++ inatangaza tena. Pia kila fungamano, yaani tangazo kama lile la text: akaunti.salio, linalotegemea sifa hiyo litapigiwa hesabu upya bila faida. Katika skrini yenye orodha ndefu, uvivu wa mstari mmoja wa if huonekana kwa macho.

Je, wajua kwamba unaweza kuandika majina yote kwa Kiswahili? Sifa iitwe salio, fanksheni iitwe tumaPesa, ishara iitwe salioLimebadilika. C++ na QML hazitakuuliza. Ila hata ukiipa ishara jina hilo, upande wa QML kishikizi chake kitaitwa onSalioChanged. Injini hukitengeneza kutokana na jina la sifa, haijali ishara yenyewe inaitwaje. Jambo jingine dogo: sifa ianze kwa herufi ndogo na aina ianze kwa herufi kubwa. Ukikosea hapo, QML haitakuelewa.

Je, wajua kwamba alama moja ya = inaweza kuua fungamano? Umeandika juu ya faili kwamba upana wa mstari ni asilimia ya kazi iliyokwisha. Vizuri. Kisha ndani ya kitufe ukaandika mstari.width = 0 ili kuufuta. Kuanzia hapo fungamano limekatika. Kazi ikiendelea, mstari hautasogea tena, wala hakuna onyo litakalotolewa. Ukitaka kulirudisha unatumia Qt.binding(). Lakini tiba bora ni kuacha kuandika juu ya kilichofungwa: badilisha thamani huko C++, mstari utafuata wenyewe. Wengi huilaumu C++ kwa kosa hili, wakati C++ inaendelea kutangaza kwa uaminifu na hakuna anayesikiliza.

Je, wajua kwamba kuna namba ambazo C++ inazijua na QML haiwezi kuzishika? Namba za JavaScript ni za desimali za biti 64. Namba kamili hubaki sahihi hadi 9,007,199,254,740,991 tu. C++ yenye biti 64 hufika 9,223,372,036,854,775,807. Tuma 9,007,199,254,740,993 kutoka C++ na QML itaonyesha namba inayoishia na 992. Kwa idadi ya magunia hakuna shida. Kwa namba za utambulisho zenye tarakimu 18 au 19, ambazo hifadhidata nyingi huzitoa, shida ni kubwa: mtumiaji anabonyeza rekodi moja, programu inafungua nyingine. Namba ya utambulisho ivushwe mpaka kama maandishi. Haitajumlishwa na chochote, kwa hiyo hakuna unachopoteza.

Fedha nazo? Hesabu zake zibaki C++, kwa senti zilizo namba kamili. QML ipewe maandishi yaliyokwisha kupangwa.

Je, wajua kwamba kitu ulichokiumba C++ kinaweza kufutwa na QML bila idhini yako? Hili ni kati ya makosa magumu kuyanasa, na linastahili maelezo. Una fanksheni yenye alama ya Q_INVOKABLE inayorudisha kielekezi cha kitu, tuseme mteja mmoja. Kitu hicho hakina mzazi. QML ikikipokea, injini ya JavaScript inajihesabu kuwa ndiyo mmiliki. Siku mfagiaji wake wa kumbukumbu anapopita na kuona hakuna anayekitumia, anakifuta. C++ yako bado imeshika anwani ileile, na ikiigusa, programu inaanguka. Mfagiaji hana ratiba maalumu, kwa hiyo kosa linaweza kutokea baada ya dakika mbili kwenye simu ya mteja na lisitokee siku nzima kwenye mashine ya mtengenezaji.

Dawa ziko mbili: kipe kitu mzazi, au iambie injini waziwazi kwamba mmiliki ni C++, kwa setObjectOwnership. Na ajabu ni hii: kitu kilekile kikitolewa kupitia Q_PROPERTY, umiliki hauhami. Njia mbili za kupitisha kitu kimoja, sheria mbili za uhai wake. Anayejifunza Qt bila kuambiwa hili amefundishwa nusu.

Je, wajua kwamba QObject hainakiliwi? Kompaila itakataa. Kila kitu kina utambulisho wake, wasikilizaji wake na watoto wake. Nakala ingekuwa na wasikilizaji wa nani? Ukitaka kifurushi kidogo cha data cha kurusha huku na huku, tumia Q_GADGET, kinachonakiliwa lakini hakina ishara.

Je, wajua kwamba skrini ya mizunguko 60 kwa sekunde inakupa takribani milisekunde 16.7 tu kwa kila picha? Ikiwa ya 120, zinabaki kama 8.3. Fanksheni ya C++ inayoitwa na kitufe hukimbia kwenye uzi (thread) uleule unaopokea miguso. Ikisoma faili kubwa kwa sekunde mbili, miguso haipokelewi kwa sekunde mbili, na mtumiaji atabonyeza tena na tena kwa hasira. Kisha mibonyezo yote aliyoirundika itatekelezwa kwa mpigo! Kazi nzito ihamishiwe uzi mwingine. Ishara inayovuka kutoka uzi mmoja hadi mwingine huwekwa kwenye foleni na kupokelewa kwa zamu, na Qt inafanya hivyo yenyewe. Usimruhusu tu mfanyakazi wa nyuma aguse vitu vya QML moja kwa moja. Atangaze, wenye skrini wasikie.

Je, wajua kwamba kuna milango kadhaa ya kuingiza C++ ndani ya QML, na ule ulio rahisi kuliko yote ndio wa kuuepuka? Unaitwa setContextProperty. Kwa mstari mmoja unakipa jina kitu chako na kila faili ya QML inakiona. Mafunzo mengi ya mtandaoni huanzia hapo, na ndipo wengi walipokwama. Jina hilo haliko popote katika aina zilizosajiliwa, kwa hiyo zana za kukagua msimbo hazilijui, na kompaila ya QML haiwezi kulitengenezea msimbo wa haraka. Ukiliweka baada ya faili kupakiwa, mafungamano yanayohusika hupigiwa hesabu upya. Na mtu mpya katika timu akikuta neno "msimamizi" ndani ya faili, hatajua limetoka wapi bila kupekua mradi mzima.

Njia ya sasa, iliyoletwa na Qt 5.15 mwaka 2020, ni kuandika QML_ELEMENT ndani ya darasa lenyewe. Mfumo wa ujenzi unalisajili, QML inaliingiza kwa import, na zana zote zinaliona. Ukitaka kitu kimoja tu kwa programu nzima, ongeza QML_SINGLETON. Kazi ya ziada ni ndogo mno kuweza kuwa kisingizio.

Na kuna mlango wa nyuma: C++ kuingia ndani ya QML, kutafuta kitufe kwa jina lake na kukibadilisha rangi. Inawezekana. Siku msanifu atakapokibadilisha jina au kukihamisha, programu itajengeka salama na kuvunjika mikononi mwa mtumiaji. QML iijue C++. C++ isiijue QML. Kama kuna sheria moja ya kuibandika ukutani katika ofisi ya wanaprogramu wa Qt, ni hiyo.

Je, wajua kwamba ListView yenye rekodi 100,000 haiumbi vitu 100,000? Huumba vile vinavyoonekana, pamoja na vichache vya akiba pembeni. Vilivyobaki ni namba tu ndani ya modeli ya C++. Modeli hiyo, mara nyingi mtoto wa QAbstractListModel, hujibu maswali matatu: mistari mingapi, mstari fulani una nini, na kila safu ya data inaitwaje. Majina hayo ya safu hupewa namba kuanzia baada ya Qt::UserRole, ambayo ni 256. Rekodi zikiongezeka, modeli hutangaza kwanza kwamba inaingiza mistari, huiingiza, kisha hutangaza kwamba imemaliza. Anayechoka na utaratibu huo huita beginResetModel kila kitu kidogo kikibadilika. Orodha inajengwa upya, na mtumiaji aliyekuwa ameteremka hadi mstari wa 4,000 anajikuta amepoteza alipokuwa. Kazi imekwisha, lakini ni kazi mbovu.

Je, wajua kwamba maandishi ya kutafsiriwa hutumia tr() upande wa C++ na qsTr() upande wa QML, lakini yote hukusanywa katika faili za aina moja za .ts? Tangu Qt 5.10 injini inaweza kuambiwa itafsiri upya skrini yote bila programu kuzimwa. Kiswahili kimo katika orodha ya lugha za QLocale. Hivyo programu iliyotengenezwa vizuri inaweza kugeuzwa kuwa ya Kiswahili bila kugusa msimbo; kinachosubiriwa ni mtu wa kukaa na kutafsiri.

Je, wajua kwamba QML ilikuzwa Brisbane, Australia, katika ofisi ya Trolltech? Nokia ilitangaza kuinunua Trolltech Januari 2008, kwa takribani dola milioni 153 za Marekani. Ilitaka mfumo mmoja wa kutengeneza programu za simu zake zote za kisasa. (Nokia ya tochi haikuhusika, ile iliridhika na vitufe vyake na mchezo wa nyoka.) Februari 2011 ikageukia Windows Phone, na mwaka 2012 ofisi ya Brisbane ikafungwa. Mwaka huohuo kampuni ya Digia ya Ufini ikaichukua Qt kwa euro milioni 4. Linganisha bei hizo mbili. Tangu 2016 The Qt Company ni kampuni inayojitegemea katika soko la hisa la Helsinki.

Je, wajua kwamba tangu 1998 kuna mkataba unaozuia Qt isifungiwe? Mazingira ya kompyuta ya KDE, yaliyoanzishwa na Matthias Ettrich Oktoba 1996, yalijengwa juu ya Qt wakati leseni yake haikuwa huru kamili. Ugomvi ulikuwa mkali kiasi kwamba Agosti 1997 mradi pinzani wa GNOME ulianzishwa. Trolltech na KDE wakaunda taasisi ya pamoja yenye haki ya kuitoa Qt kwa leseni huru ya BSD iwapo mmiliki ataacha kutoa toleo la bure. Wamiliki wamebadilika mara kadhaa tangu hapo, na mkataba ungali upo.

Je, wajua kwamba huenda umeshatumia QML bila kujua? Eneo la kazi la Plasma la KDE limechorwa kwa QML tangu toleo la 5 la Julai 2014, na ndilo linalofunguka ukiiweka Steam Deck katika hali ya kompyuta. MuseScore 4, programu ya kuandika nota za muziki iliyotoka Desemba 2022, ina sura ya QML na injini ya C++. QGroundControl, inayoongoza droni, ni hivyohivyo. Hapo mwisho usahihi wa mpaka una uzito wa pekee: kitufe kikichelewa, kuna chombo angani.

Je, wajua kwamba C++ si lazima? Mradi wa CXX-Qt wa kampuni ya KDAB huunganisha QML na Rust, na bado majedwali ya Qt ndiyo yanayopatanisha pande mbili. Olivier Goffart na Simon Hausmann, waliofanya kazi miaka mingi ndani ya Qt, walikwenda mbali zaidi: wakaanzisha Slint, lugha mpya ya kueleza kiolesura ambayo hujengwa na kompaila kuwa Rust au C++ moja kwa moja. Mwanzoni iliitwa SixtyFPS. Toleo la 1.0 lilitoka mwaka 2023. Faida yake kubwa ni kwamba jina la sifa likikosewa, programu haijengeki kabisa.

Je, wajua kwamba Qt imeshiriki katika ramani za mitaa ya Dar es Salaam? Mradi wa Ramani Huria, ulioanza 2015, uliwapeleka wanafunzi wa vyuo na wakazi katika kata zinazofurika maji ili kuchora mitaro, njia na nyumba kwenye OpenStreetMap. Katika kuchanganua na kuchapa ramani ilitumika QGIS, programu huria iliyoanzishwa na Gary Sherman mwaka 2002 na kuandikwa kwa C++ juu ya Qt.

QGIS ina ndugu yake wa simu na tableti, QField, iliyotengenezwa na OPENGIS.ch ya Uswisi. Maktaba nzito za QGIS zimebaki C++ nyuma, na mbele kumewekwa kiolesura cha QML kinachofaa kidole kilicholowa mvua. Kila jambo tulilolitaja limo humo: sifa zenye taarifa, modeli za orodha, kazi nzito zilizohamishiwa nyuzi nyingine. Msimbo wake uko wazi kwa leseni ya GPL. Mwanafunzi wa chuo anayetaka kuona mpaka huu ukifanya kazi halisi ausome huo kabla ya kununua kozi yoyote.